Kabla ya Kupanda Gari la Garissa Kununua RAM

Miaka ya pampu za dizeli, mkulima wa skimu ya unyunyizaji ya Bura akikuta mahindi yake yamenyauka, hakukimbilia kuulaumu Mto Tana. Alijua maji yamesafiri: yamevutwa na pampu kule Nanigi, yakapita mfereji mkuu, yakagawanywa kwenye mifereji midogo, ndipo yakafika kwenye mtaro wake. Pampu ikikosa dizeli, shamba hukauka. Mchanga ukijaa mferejini, shamba hukauka. Jirani wa juu akijifungulia maji usiku kucha, shamba la mwisho hukauka vilevile. Dalili ni moja, maradhi ni matatu, na dawa ya hili haitibu lile.

Kompyuta ya nyumbani nayo ni hivyo hivyo, ila hapo watu husahau habari ya mfereji. Mashine ikianza kukokota, hukumu hutoka papo hapo: imezeeka, au haina RAM, yaani kumbukumbu ya kutosha ya kufanyia kazi. Mtu hupanda gari la asubuhi hadi Garissa na kurudi jioni na kipande cha RAM kisichoingia kwenye mashine yake, au kinachoingia bila kubadilisha lolote. Mwongozo huu ni wa kuiokoa safari hiyo, au angalau kuhakikisha kwamba atakayesafiri anajua anachokwenda kutafuta.

Mashine yenyewe inajulikana. Ni laptopu ya mtumba, ile ambayo wauzaji wa Nairobi huiita "ex-UK", iliyofanya kazi ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa tena: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni vyuma vya kazi, na vingi vimepita miaka 10 vikiwa bado vinawaka. Kwenye mashine kama hiyo mwanafunzi hujaza fomu za mkopo wa HELB, mwalimu huandika maazimio ya kazi, na mwenye saiba huwasilishia wateja ritani za kodi za KRA. Aghalabu ina RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, na Windows 10 iliyowekwa na fundi wa dukani.

Onyo la Windows kwamba mashine imepungukiwa rasilimali lina historia ya kuchekesha kidogo. Katika Windows 3.1, na kwa kiasi katika Windows 95 na 98, "rasilimali" haikumaanisha RAM. Mfumo uliweka taarifa za madirisha, menyu, fonti na michoro kwenye vighala vidogo vya kumbukumbu, na baadhi ya vighala hivyo vilikuwa na ukomo wa kilobaiti 64, urithi wa enzi za biti 16. Kighala kikijaa, onyo lilitokea hata kama mashine ilikuwa na RAM tele isiyoguswa. Mtu aliyenunua RAM zaidi ili kuliondoa onyo hilo alipoteza pesa zake. Kilichosaidia ni kufunga madirisha au kuwasha mashine upya.

Siku hizi onyo la Windows lina maana pana zaidi. RAM inapokaribia kujaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye faili maalumu iliyo ndani ya diski, kama mama mboga anayepanga magunia nje ya kibanda baada ya ndani kujaa. Kazi inaendelea, lakini kila anachokihitaji sasa lazima akifuate nje. Onyo likitokea, ujue hata nje nafasi inakwisha. Muda mrefu kabla ya onyo, mwenye mashine huwa ameshauona uzito.

Nakili, halafu zima kwelikweli

Kabla ya kugusa chochote, nakili picha, vyeti na hati muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Hii si tahadhari ya kawaida inayoandikwa ili kujaza nafasi. Diski inayokufa hujitokeza kwanza kwa sura ya mashine nzito, na mtu anaweza kutumia siku tatu akifuta programu huku picha za arusi zikizama moja baada ya nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo hata mafundi huliruka. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida si kuizima kabisa. Kuna mpangilio wa kuharakisha kuwaka ambao huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kilivyokuwa mashine inapowashwa tena. Anayeizima kila usiku na kuiwasha kila asubuhi anaweza kuwa anaendelea na uchovu wa wiki tatu. Amri ya "Restart" ndiyo inayouanzisha mfumo upya kutoka mwanzo. Itoe mara moja, subiri dakika tano mashine itulie, kisha jaribu kazi yako. Baadhi ya wasomaji wataishia hapa.

Dirisha moja la kusoma

Mashine ikiwa bado nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Likija dogo, bofya "More details" upande wa chini. Juu kuna safu zenye asilimia: "CPU" ni prosesa, "Memory" ni RAM, "Disk" ni diski. Usiguse kitu humo. Fanya kazi zako za kawaida, fungua kivinjari, fungua hati, na mashine inapokwama tazama ni safu gani imepanda juu na kubaki juu.

Hapo ndipo unapoujua mfereji wako umeziba wapi. RAM ikiwa juu ya asilimia 85 wakati wote, njaa ni ya RAM. RAM ikiwa 55 na diski imegota 100, kuongeza RAM ni kumwaga dizeli kwenye pampu huku mfereji umejaa mchanga. Prosesa ikiwa 100 kwa muda mrefu, kuna programu moja inayokula peke yake. Bofya kichwa cha safu ile, na mlaji atapanda juu ya orodha. Na yote matatu yakiwa chini huku mashine inakokota, shuku joto, au chaja. Hayo mawili yana sehemu yao hapa chini, maana katika nchi ya Tana yanastahili.

Wakati dirisha hilo liko wazi, nenda kwenye ukurasa wa "Startup". Mwandishi wa makala haya hawezi kuitazama orodha ile bila kuukumbuka mathenge. Mti huo uliletwa Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema, kuzuia jangwa na kutoa kuni. Leo umevamia malisho, kingo za mifereji na mashamba yaliyoachwa, na ng'oa ung'oavyo unachipuka. Programu zinazojiwasha zenyewe huingia kwa nia njema vilevile. Moja ni ya printa iliyoharibika zamani, nyingine ya simu ya binamu aliyekuja likizo, nyingine ya kupiga simu za video ambayo haijatumika tangu mwaka wa korona. Kila moja hujichukulia RAM kidogo tangu mashine inapowaka. Bofya kila usiyoihitaji na uchague "Disable". Hufuti programu, unaizuia tu isijiwashe. Acha zenye jina la kiguso cha laptopu, la sauti na la antivirasi.

Hiyo antivirasi iwe moja. Mashine za mtumba mara nyingi hufika na mbili: ya Windows yenyewe, inayokuja na mfumo tangu Windows 8, na nyingine ya majaribio iliyokwisha muda wake. Zote mbili zikikagua kila faili inayofunguliwa, mashine ya GB 4 haina pumzi ya kufanya kingine. Futa ile iliyokwisha muda.

Njaa ya RAM ikithibitika, mtuhumiwa wa kwanza ni kivinjari. Tovuti za leo ni nzito kuliko programu nzima za miaka ya 2000, na kila kichupo kilicho wazi ni mgeni anayekula. Chrome ina mpangilio wa kuokoa kumbukumbu unaovilaza vichupo visivyotazamwa; uwashe. Ondoa viongezi usivyovikumbuka. Halafu, kama unajaza fomu ya serikali yenye kurasa kumi, funga YouTube. Programu zinazojitangaza kwamba "zinaongeza RAM" au "kuharakisha kompyuta mara tano" hazistahili hata megabaiti za bando utakazozipakulia. RAM haiongezwi kwa programu, na nyingi kati ya hizo ndizo zinazogeuka kuwa mathenge mpya.

Diski: hapa pesa huleta matunda

Diski ya kuzunguka ina sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta data, kama sindano ya santuri. Kila utafutaji hugharimu milisekunde kadhaa. Ni muda mdogo kwa binadamu, lakini Windows 10 huomba vitu vidogo vidogo maelfu kwa mpigo, na foleni inakuwa ndefu. SSD, diski ya aina mpya, haina kinachozunguka. Hupata data kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana laptopu ya mwaka 2012 iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka inaweza kuwaka kwa nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski tu, bila kugusa RAM wala prosesa. Mwenye pesa ya kununua kitu kimoja, na Task Manager inamwonyesha diski imegota 100 huku RAM ina nafasi, asisite. Anunue SSD.

Kabla ya kununua, kuna ya bure ya kujaribu. Fungua "This PC" na utazame diski C. Mstari ukiwa mwekundu, mfumo hauna pa kupangia magunia yake ya nje. Acha angalau sehemu moja ya kumi iwe tupu. Wachafuzi wakubwa hujulikana: folda ya "Downloads" yenye filamu na nakala nne za fomu moja, pipa la taka ambalo halijamwagwa, na folda ya Windows.old inayobaki baada ya mfumo kupandishwa toleo. Programu ya Disk Cleanup, ukiifungua kwa kitufe cha kusafisha faili za mfumo, huondoa mabaki hayo kwa usalama. Usiingie mwenyewe kwenye folda ya Windows na kufuta usivyovijua kwa sababu vinaonekana vikubwa.

Kuna pia lawama ya bando. Windows hupenda kupakua masasisho yake mara tu inapoona intaneti, na kwa anayetumia simu kama kituo cha intaneti, hasara ni mbili: diski inagota na bando linakwisha kabla ya adhuhuri. Katika mipangilio ya mtandao, utie alama mtandao huo kuwa "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri. Lakini yasisubiri milele; chagua siku moja, labda ukiwa mjini kwenye intaneti ya bei nafuu, uyaruhusu yaingie.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, au faili zikianza kukataa kufunguka, hakuna cha kusafisha. Toa data zako na uibadilishe.

Saa nane mchana

Bura ni nchi kame na tambarare. Kuanzia Januari hadi mvua za masika, mabati huwaka, na vumbi jepesi huingia kila palipo na tundu. Feni ya laptopu huvuta hewa hiyo na kuipuliza kupitia mabati membamba ya kupozea. Baada ya mwaka mmoja au miwili, vumbi huwa limeganda kuwa blanketi dogo la kijivu kati ya feni na mabati, na joto halina pa kutokea.

Prosesa haikubali kuungua. Ikikaribia ukomo wake, ambao kwa laptopu nyingi ni karibu nyuzi 100 za selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe. Hakuna onyo kwenye skrini. Mtu anaona tu kwamba mashine imekuwa nzito, naye anaamini RAM imekwisha.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Fanya kazi ileile mara mbili: alfajiri kabla jua halijapanda, na saa nane mchana. Mashine ikiruka asubuhi na kutambaa mchana, ugonjwa ni joto. Uthibitisho zaidi uko Task Manager, ukurasa wa "Performance", chini ya CPU. Hapo huandikwa kasi ya sasa na kasi ya msingi. Prosesa ya GHz 2.6 iliyo na kazi nyingi lakini inaonyesha 0.8 imefungwa breki.

Dawa ni kuisafisha. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Fungua kifuniko cha chini kwa bisibisi inayolingana na skrubu. Isiyolingana itavila vichwa vyake na kumfanya fundi wa baadaye akulaani. Zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno unapopuliza, kisha toa blanketi la vumbi kwa brashi kavu. Usitumie pampu ya kujazia matairi ya pikipiki, ambayo hutema maji na mafuta pamoja na upepo. Mashine yenye miaka 10 inahitaji pia krimu mpya ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma cha kupozea, kwa sababu ya zamani hukauka ikawa unga. Hiyo, kama hujawahi kuifanya, mpe fundi. Na laptopu isitumiwe juu ya godoro au mto, maana matundu ya hewa yako chini. Ubao wa kukatia mboga, ukiwa mkavu, unatosha kabisa kuwa meza yake.

Chaja nayo ina kisa chake, hasa kwa wenye Dell. Chaja halisi za Dell huwa na chipu ndogo inayoiambia laptopu uwezo wake. Chaja isiyo na chipu hiyo, au yenye pini ya katikati iliyovunjika, hufanya laptopu ikatae kuchaji betri na kuishusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa. Mara nyingi ujumbe wa kwamba chaja haikutambuliwa hutokea mashine inapowaka, na mwenye mashine hubonyeza kitufe kuuondoa bila kuusoma. Jaribu hivi: betri ikiwa na chaji, chomoa chaja. Mashine ikipata kasi ghafla, umeupata mfereji ulioziba, na haukuwa RAM wala diski.

Ukiamua kusafiri

Basi vipimo vimekwisha na RAM ni lazima. Andika kwanza vitu vitatu. Katika Task Manager, "Performance", "Memory", soma RAM iliyopo na nafasi zilizotumika. "1 of 2" ina maana moja iko tupu na huna haja ya kutupa ya zamani. Katika "System", soma kama mfumo ni wa biti 64 au 32. Ukiwa wa 32, hautatumia zaidi ya GB 4, na kwa kawaida hufikia 3 na kitu tu, hata ukiuwekea 16. Tatu, andika modeli kamili iliyo kwenye kibandiko cha chini.

Kisha chomoa RAM ya zamani, ishike pembeni bila kugusa meno ya dhahabu, ifunge kwa karatasi na uende nayo. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na kati ya DDR3 yenyewe kuna za volti 1.5 na za volti 1.35, na baadhi ya mashine hukataa zile za 1.5. Kipande kilicho mkononi humaliza mabishano yote ya dukani. Beba na laptopu yenyewe ikiwezekana, iwashwe pale pale na namba isomwe kabla ya pesa kutoka. Kwa kazi za nyumbani GB 8 zinatosha. Anayekuuzia 32 kwa ajili ya kuandika barua anauza stoo yake.

Swali la mwisho ni la Windows. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza walisogezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Latitude ya mwaka 2012 haimo. Kuna njia za kuilazimisha, lakini mashine iliyolalamika kwa uzito wa 10 haitapona kwa kubebeshwa 11.

Njia nyepesi ni Linux, na kwa mgeni Linux Mint ya Xfce ndiyo rahisi kuzoea. Inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo muombe mwenye intaneti nzuri akutengenezee flashi hiyo, uwashe mashine nayo na uitumie siku nzima. Itakuwa nzito kidogo kwa kuwa inasomwa kutoka kwenye flashi. Usiihukumu kwa hilo. Angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inachapa. LibreOffice hufungua hati nyingi za Word na Excel, lakini mwenye faili za Excel zilizojaa makro, zikiwemo baadhi ya fomu za kodi, azijaribu kwanza kabla ya kuifuta Windows.

Na diski ya zamani ya kuzunguka, kama ilitolewa ikiwa nzima, isitupwe. Kasha la USB la inchi 2.5 huigeuza kuwa diski ya nje, na hapo ndipo nakala za picha na vyeti zilizokuwa kwenye flashi zinapoweza kuhamia.